Mariano Rivera: Mtoto wa mvuvi aliyeokoa mechi 652

Ukitaja majina makubwa ya besiboli, jina la Mariano Rivera haliwezi kukosekana. Raia huyo wa Panama alicheza misimu 19 Ligi Kuu ya Marekani, yote akiwa na timu moja tu, New York Yankees, kuanzia 1995 hadi 2013. Aliondoka na rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeivunja: kuokoa mechi 652.

Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza katika historia kuingia Jumba la Heshima la besiboli kwa kura zote. Wapiga kura walikuwa 425, akapata kura 425. Hata Babe Ruth, ambaye wengi humwona kama mfalme wa mchezo huo, hakupata hilo.

Cha ajabu, Rivera hakuwa mtu wa kucheza mechi nzima. Mara nyingi aliingia mwishoni, akarusha mipira michache, mechi ikaisha. Na mipira hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya aina moja ambayo kila mpinzani aliijua kabla haijatoka mkononi.

Mrushaji wa akiba ni nani?

Mechi ya besiboli ina raundi tisa. Katika kila raundi timu moja inarusha mpira na nyingine inapiga kwa fimbo nene ya mbao, kisha zinabadilishana. Mrushaji anasimama umbali wa mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji. Kazi yake ni kuwatoa wapigaji watatu kabla hawajazunguka vituo vinne vya uwanjani na kupata alama.

Mrushaji anayeanza mechi huchoka. Mkono wake ukianza kulegea, kocha anamwita mrushaji wa akiba, ambaye muda wote huo yuko pembeni akipasha misuli.

Miongoni mwa hao wa akiba yupo mmoja anayewekwa kwa ajili ya mwisho kabisa, yaani mmaliziaji. Huyu huingia raundi ya tisa timu yake ikiwa inaongoza kwa alama chache, mara nyingi tatu au pungufu. Akiulinda ushindi hadi mwisho, anaandikiwa kwamba ameokoa mechi. Hesabu hiyo ilianza kuwekwa rasmi Ligi Kuu mwaka 1969, mwaka uleule aliozaliwa Rivera.

Kwa shabiki wa soka, mfikirie kipa anayeingizwa dakika ya 119 kwa ajili ya penalti. Akidaka, shujaa. Akikosea, kazi yote ya wenzake inapotea na hakuna muda wa kurekebisha. Tofauti ni kwamba Rivera alifanya hivyo mara nyingi kila msimu.

Glavu ya boksi la maziwa

Rivera alizaliwa Novemba 29, 1969 katika Jiji la Panama, akakulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Baba yake alikuwa nahodha wa boti ya uvuvi.

Vifaa vya michezo havikuwepo. Watoto wa kijijini walichezea ufukweni maji yakipwa. Glavu zilitengenezwa kwa maboksi ya maziwa, fimbo zilikuwa vijiti vya kuokota, na mpira ulikuwa kipande cha wavu mkuukuu kilichoviringishwa na kufungwa kwa utepe.

Ujanani alipenda zaidi soka, hadi majeraha ya kifundo cha mguu yalipomrudisha nyuma. Baada ya shule aliingia boti ya baba yake kuvua dagaa. Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari. Akiwa na miaka 19, boti waliyokuwemo ilizama, ikabidi wajiokoe. Rivera hakutaka kuzeekea baharini, alitamani kuwa fundi makanika.

Besiboli aliicheza kama burudani tu katika timu ya Panamá Oeste, na hakuwa mrushaji. Siku moja mrushaji wa timu alizidiwa, Rivera akajitolea kushika nafasi yake, akafanya vizuri kuliko yeyote alivyotarajia. Habari zikawafikia watu wa Yankees.

Februari 1990 msaka vipaji Herb Raybourn alimsainisha. Dau la kusaini lilikuwa kama dola 2,500. Rivera alikuwa na miaka 20, mwembamba, hajui Kiingereza, na hakuwahi kufundishwa kurusha. Raybourn hakuvutiwa na kasi ya mpira wake, maana haikuwa kubwa. Alichokiona ni urahisi wa mwendo wa mkono.

Nusura auzwe, zaidi ya mara moja

Msimu wake wa kwanza ligi za chini Marekani ulikuwa wa kutisha kwa wapinzani. Alirusha raundi 52 na kuruhusu wastani wa alama 0.17 kwa kila raundi tisa.

Hata hivyo Yankees hawakumwona kama lulu. Mwaka 1992 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwishoni mwa mwaka huo timu mbili mpya, Colorado Rockies na Florida Marlins, ziliruhusiwa kuchukua wachezaji kutoka timu nyingine. Yankees hawakumweka Rivera kwenye orodha ya wachezaji wanaolindwa. Angeweza kuchukuliwa bure. Hakuna aliyemtaka.

Aliitwa Ligi Kuu Mei 1995 akiwa na miaka 25, kama mrushaji wa kuanza. Mechi yake ya kwanza, Mei 23 dhidi ya California Angels, walipoteza. Baada ya mechi chache akarudishwa ligi ya chini, na viongozi wa klabu wakaanza kufikiria kumtoa kwa Detroit Tigers ili wampate mrushaji David Wells.

Hapo ndipo jambo lilipotokea. Kipimo cha kasi kilionyesha Rivera anarusha kwa maili 95 kwa saa, sawa na kilomita 153, wakati zamani alikuwa anaishia maili 90 au chini ya hapo. Viongozi hawakuamini, wakahakikisha kwanza kwamba kipimo si kibovu. Mazungumzo ya kumtoa yakafa palepale.

Mwanzoni mwa 1996 ikaja hatari nyingine. Mmiliki wa Yankees, George Steinbrenner, aliingiwa na wasiwasi kuhusu kijana Derek Jeter, na likaletwa wazo la kumpeleka Rivera Seattle Mariners ili wapewe mchezaji mzoefu wa ndani, Félix Fermín. Wazo likakataliwa. Jeter na Rivera wakabaki, na msimu huohuo Yankees wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1978.

Mwaka huo Rivera alikuwa mwandalizi wa njia. Aliingia raundi ya saba na ya nane, kisha akamwachia mmaliziaji John Wetteland. Alirusha raundi 107 na ushee, akawatoa wapigaji 130 bila mpira kuchezwa, na akawa wa tatu katika kura za tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao, tuzo ya Cy Young. Wetteland alipoondoka, funguo akakabidhiwa yeye.

Mpira mmoja, fimbo nyingi zilizovunjika

Msimu wa 1997, wake wa kwanza kama mmaliziaji, ulianza kwa kusuasua. Juni mwaka huo, wakiwa Detroit, alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, ambaye naye ni Mpanama. Mendoza akaanza kulalamika: mpira unahama ghafla mwishoni, hata kuudaka ni shida.

Rivera hakuwa amekusudia. Alishika mpira kama siku zote, lakini sasa ulikuwa unakata kona. Yeye na kocha wa warushaji, Mel Stottlemyre, walijaribu kuurekebisha unyooke. Ikashindikana. Mwishowe wakaamua kuuacha hivyohivyo. Rivera, mtu wa dini sana, siku zote amesema ilikuwa zawadi kutoka kwa Mungu.

Mpira huo ulikuja kwa kasi ukionekana umenyooka, kisha hatua za mwisho ukahama sentimeta kadhaa kuelekea kushoto kwa mrushaji. Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto ilikuwa balaa. Mpira uliingia upande wa mikono yake, ukagonga sehemu nyembamba ya fimbo, fimbo ikapasuka. Katika fainali ya 1999, Ryan Klesko wa Atlanta Braves alivunjiwa fimbo tatu katika zamu moja ya kupiga. Kwenye benchi la Atlanta, mwenzake Chipper Jones alionekana akicheka.

Mwaka 2013 timu ya Minnesota Twins ilimpa zawadi ya kumuaga: kiti cha kubembea kilichotengenezwa kwa fimbo zilizovunjika.

Warushaji wengi hutegemea mipira ya aina tatu au nne ili kumchanganya mpigaji. Rivera alitumia karibu mmoja tu. Siri ilikuwa kwamba mwendo wa mkono wake haukubadilika, na aliweza kuuweka mpira pale alipotaka, kona ya ndani au ya nje. Kujua unakuja hakukusaidia kitu.

Kati ya 1998 na 2000 Yankees walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na mara zote tatu Rivera ndiye aliyekuwa akirusha mechi ya mwisho ilipomalizika. Mwaka 1999 alitajwa mchezaji bora wa fainali. Ni mwaka huo pia uwanja wa Yankee ulipoanza kumpigia wimbo wa Metallica, Enter Sandman, kila alipoingia. Mashabiki waliposikia gitaa la kwanza walijua mechi inaelekea kufungwa. Yeye mwenyewe hakuwa shabiki wa muziki huo.

Usiku wa Arizona

Novemba 4, 2001, mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, mjini Phoenix. New York bado ilikuwa na majonzi ya mashambulizi ya Septemba 11. Yankees waliongoza 2-1 dhidi ya Arizona Diamondbacks. Raundi ya nane Rivera aliingia na kuwatoa wapigaji watatu bila shida. Ubingwa wa nne mfululizo ulibaki raundi moja.

Raundi ya tisa mambo yakageuka. Mark Grace alipiga akafika kituo cha kwanza. Damian Miller aliugusa mpira polepole mbele yake, Rivera akauokota na kuurusha kituo cha pili, ukapotea. Kosa lake mwenyewe. Baadaye Tony Womack akasawazisha, 2-2. Vituo vyote vikiwa vimejaa, Luis Gonzalez alipiga mpira dhaifu, fimbo ikipasuka, ukapaa juu kidogo ya Jeter na kudondoka kwenye nyasi. Mechi ikaisha 3-2.

Kabla ya usiku huo Rivera alikuwa ameokoa mechi 23 mfululizo za mtoano. Mtu aliyezoea kufunga mlango sasa mlango ulimfungukia mbele ya dunia nzima. Hakukimbia waandishi wa habari. Alisimama mbele ya kabati lake na kujibu maswali.

Kisa hicho kina upande wa pili. Mchezaji mwenzake, Enrique Wilson wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa na tiketi ya ndege ya American Airlines namba 587 ya Novemba 12. Yankees wangeshinda, angebaki New York kwa ajili ya gwaride la ubingwa. Kwa kuwa walishindwa, akaondoka mapema. Ndege hiyo ilianguka Queens muda mfupi baada ya kuruka. Watu 260 waliokuwemo na watano waliokuwa chini walikufa. Rivera alisema baadaye kwamba alishukuru walipoteza, kwa sababu rafiki yake bado yupo.

Boston wampigia makofi

Mwaka 2003 alirudi kileleni. Mechi ya saba dhidi ya mahasimu wao Boston Red Sox alirusha raundi tatu nzima, jambo adimu kwa mmaliziaji, hadi Aaron Boone alipopiga mpira wa ushindi nje ya uwanja. Rivera alikimbia hadi katikati ya uwanja, akaanguka kwenye kilima cha warushaji akilia. Akatajwa mchezaji bora wa hatua hiyo.

Mwaka uliofuata mambo yakawa kinyume. Yankees waliongoza Boston mechi 3-0 na walikuwa mbele 4-3 katika ya nne, Rivera akiwa kazini. Alimruhusu Kevin Millar kufika kituo cha kwanza bure. Dave Roberts akaingizwa kukimbia badala yake, akaiba kituo cha pili kila mtu akijua atajaribu, na Bill Mueller akamrudisha nyumbani kwa alama ya kusawazisha. Boston wakashinda mechi hiyo na tatu zilizofuata, wakiwa timu ya kwanza Ligi Kuu kupindua 3-0, kisha wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918.

Aprili 2005 Rivera alipotajwa jina kwenye uwanja wa Boston, mashabiki walisimama na kumshangilia kwa kejeli, kama wanamshukuru. Wengi wangenuna. Yeye aliinua kofia yake na kucheka.

Takwimu zake hapo zinasema ukweli kuliko sifa. Katika mechi za msimu wa kawaida, Rivera alishindwa kuulinda ushindi mara 80. Lakini zilisambaa ndani ya miaka 19, na hazikugeuka ugonjwa. Warushaji kibao wenye mpira wa kasi kuliko wake wamepotea baada ya usiku mmoja mbaya. Wanaanza kurusha kwa hofu, wanabadilisha mwendo, wanatafuta mpira mpya. Rivera siku iliyofuata alirudi na mpira uleule.

Goti, na uamuzi wa kurudi

Ubingwa wa tano ulikuja 2009, akiwa na miaka 39. Septemba 19, 2011 aliokoa mechi ya 602 na kumpita Trevor Hoffman aliyekuwa na rekodi ya 601.

Mei 3, 2012, akidaka mipira wakati wa mazoezi kabla ya mechi mjini Kansas City, goti lake la kulia lilikatika kano. Alikuwa na miaka 42. Wengi walidhani ndiyo mwisho. Kesho yake akatangaza kuwa atarudi, kwa sababu hakutaka kuondoka kwa namna hiyo.

Akarudi 2013, akaokoa mechi 44. Kabla ya msimu kuanza alishatangaza kwamba ni wa mwisho. Katika kila mji waliocheza aliomba kukutana na watu wasioonekana kwenye runinga: wakata tiketi, wapishi, watunza nyasi, mashabiki wagonjwa. Alikaa nao na kusikiliza hadithi zao.

Septemba 26, 2013, mechi yake ya mwisho nyumbani, Yankees walikuwa nyuma dhidi ya Tampa Bay Rays, hakukuwa na ushindi wa kuokoa. Aliwatoa wapigaji wanne. Raundi ya tisa, badala ya kocha, waliokuja kumtoa walikuwa Derek Jeter na Andy Pettitte, rafiki zake tangu ujana. Rivera alimwangukia Pettitte begani akalia kwa muda mrefu, uwanja mzima ukiwa umesimama.

Namba 42

Jezi yake ina historia yake. Mwaka 1997 Ligi Kuu iliistaafisha namba 42 katika timu zote kumuenzi Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza Mweusi wa ligi hiyo katika zama za kisasa, aliyevunja ubaguzi mwaka 1947. Waliokuwa wakiivaa tayari waliruhusiwa kuendelea. Mmoja mmoja wakaisha. Rivera ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Rivera kwa namba

- Mechi alizookoa, msimu wa kawaida: 652
- Mechi alizocheza: 1,115
- Wastani wa alama alizoruhusu kwa raundi tisa: 2.21
- Mechi alizookoa katika mtoano: 42
- Wastani wake katika mtoano: 0.70, ndani ya raundi 141
- Ubingwa: 5 (1996, 1998, 1999, 2000, 2009)
- Kuchaguliwa timu ya nyota: mara 13

Tangu 2014 tuzo ya mrushaji bora wa akiba katika ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, inabeba jina lake. Julai 21, 2019 aliingizwa rasmi Jumba la Heshima, Cooperstown, na kwa desturi yake akawekwa kuwa mzungumzaji wa mwisho.

Kila kizazi cha wamaliziaji sasa kinapimwa kwa 652. Lakini ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo, kinachosimuliwa kwa vijana zaidi ni kile alichofanya baada ya Arizona na baada ya Boston: alilala, akaamka, akaenda kazini.